Magari matano yasiyofika sokoni: uunde lipi?

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, ua wangu hapa Kisauni, Mombasa, hujaa waya, mikebe na watoto. Wengi huja na wazo moja tu, nalo ni matatu. Sikatai, matatu ya waya yenye taa za betri ni kazi ya kuheshimika. Lakini likizo iliyopita alinijia binti mmoja wa gredi ya nane na picha sita kwenye simu ya mamake. Zote zilikuwa za magari ya majaribio, yale ambayo kampuni au mbunifu huunda moja au machache ili kuonyesha wazo, watu wakayatazama na kushangaa, kisha yasiuzwe kwa mtu. Alitaka kuunda mfano wa mojawapo kwa maonyesho ya sayansi shuleni kwao. "Ami," akaniambia, "nimeshindwa kuchagua. Nianze na lipi?"

Sikumjibu siku hiyo. Nimepiga bodi za magari zaidi ya miaka ishirini huko Changamwe, najua bati linavyotii na linavyokataa, lakini swali lake lilitaka zaidi ya nyundo. Nikasoma, tukajaribu vitu kadhaa pale uani, na tangu hapo nimeulizwa swali hilo hilo na mwalimu wake, na mzazi mmoja wa Likoni, na kijana wa chuo cha ufundi. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja, aliyekwama apate pa kushika.

Mizani

Nimeyapima kwa mambo manne, na hata kama picha zenu ni za magari mengine, mizani hii itawafaa.

La kwanza ni swali. Aliyeunda gari hilo alitaka kujua nini? Ukiiga umbo bila kulijua swali, umeunda pambo la kabatini, na mwamuzi wa maonyesho akikuuliza "hiki ni cha nini?" utabaki kutazama viatu vyako.

La pili, je, gari lilitembea kwa nguvu zake lenyewe? Karatasi huvumilia kila kitu. Chuma kikishaguswa na barabara hakidanganyi.

La tatu ni pale lilipokwama. Hapa nataka sababu yenyewe, si ule msemo wa "lilikuwa mbele ya wakati wake", ambao hausemi kitu. Lilikwama kwa fedha? Kwa fizikia? Au halikukusudiwa kuuzwa tangu mwanzo?

La nne ni mikono. Mtoto mwenye koleo, mkasi wa bati, gundi na Sh500 anaweza kuliunda likaonyesha lile wazo mezani, mbele ya watu? Hili ndilo nililolipa uzito zaidi, kwa sababu wanaonisoma wengi wanataka kuunda.

Kwa mizani hiyo picha moja ilitoka mapema. Ni Ford Nucleon ya 1958, gari lililofikiriwa kubeba tanuri dogo la nyuklia mahali pa buti na kwenda takriban kilomita 8,000 kabla ya kubadilishiwa fueli. Ford wenyewe waliishia kwenye mfano wa kipimo cha tatu kwa nane, yaani chini ya nusu ya ukubwa wa kweli, ambao uko kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn. Halikuwahi kutembea, na la kuonyesha mezani halina ila umbo. Watoto hulipenda sana kwa jina la nyuklia. Nilimwambia binti aliweke kwenye bango la ukutani, asilipe wiki zake tatu. Yakabaki matano.

Dymaxion, 1933

Buckminster Fuller, Mmarekani, alitaka kujua gari lingekuwaje kama lingepita hewani bila kushindana nayo, kama samaki apitavyo majini. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Starling Burgess, mbunifu wa mashua za mashindano. Gari lao la kwanza lilitoka Bridgeport, jimbo la Connecticut, mwezi wa Julai 1933. Lilikuwa na urefu wa mita sita hivi, umbo la tone la maji, mbavu za mbao zilizovikwa aluminiamu, na nafasi ya watu kumi na mmoja. Injini ya Ford V8 ilikaa nyuma lakini ikaendesha magurudumu mawili ya mbele. Gurudumu la tatu, moja peke yake huko nyuma, ndilo lililokuwa likigeuza gari.

Hapo mtoto wa Mombasa ana ufunguo ambao wengi hawana. Nenda Bandari ya Kale utazame jahazi. Usukani uko tezi, yaani nyuma ya chombo. Nahodha akitaka kwenda kulia, ni tezi inayotupwa kushoto, ndipo omo, yaani mbele, igeuke. Dymaxion lilifanya vivyo hivyo juu ya lami. Liliweza kujizungusha karibu pale pale liliposimama, na watu wakalipigia makofi kwa hilo. Lakini likikimbia, na upepo ukilipiga ubavuni, mkia uliyumba na dereva alihitaji mkono uliozoea. Baharini kuna nafasi ya tezi kutupika. Barabarani kuna ukingo, na kuna gari la mwenzako.

Yaliundwa matatu, na yote yalitembea. Tarehe 27 Oktoba 1933 la kwanza lilipinduka karibu na maonyesho makubwa ya Chicago na dereva wake akafa. Magazeti yalilaumu umbo la gari. Baadaye ikajulikana kwamba kulikuwa na gari jingine kwenye ajali ile. Ila jina lilikuwa limeshachafuka, na wenye fedha wakarudi nyuma. Moja kati ya yale matatu lipo hadi leo, kwenye jumba la makumbusho ya magari mjini Reno, Nevada.

Sasa mikono. Hili ndilo tulilolichezea muda mrefu kuliko yote. Tulikata vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja ukubwa wa daftari. Magurudumu tulikata kwenye ndara zilizochakaa, na ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Kipande cha kwanza tulikipa gurudumu moja mbele, kama tuktuk. Cha pili tukakipa gurudumu moja nyuma, kama Dymaxion. Gurudumu hilo la peke yake tulilishika kwa msumari uliolegea kidogo ili ligeuke, na juu ya kila kipande tukafunga betri kubwa upande wa nyuma, mahali Fuller alipoweka injini. Kisha tukaegemeza ubao kwenye ngazi ya mlango na kuviachia.

Tuktuk ilishuka ikaenda zake. Kile cha pili kilikwenda kama hatua moja, kikatikisa mkia, kikageuka na kulala ubavu. Tukarudia. Binti akakaza msumari, kikaenda sawa. Akaulegeza, kikaanguka tena. Akahamisha betri ikawa mbele, kikatulia kiasi. Hakuna aliyemweleza neno la fizikia, na kufikia adhuhuri alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba uzito ukikaa nyuma ya magurudumu yasiyogeuka, unataka kutangulia mbele. Mwalimu angehitaji vipindi viwili.

Linamfaa mtoto mwenye subira ya kurudia jambo lile lile na kuandika kilichobadilika. Bodi yenyewe si rahisi: umbo la tone linataka mbavu nyingi za waya, na bati halipendi kukunjwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ukiona hutaweza, acha bodi, peleka vile vipande viwili vya plaiwudi na ubao wa mteremko.

Nyayo Pioneer, 1986 hadi 1990

Hili ni la kwetu, na nakiri linanigusa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa baya la sura au zito la mwendo. Swali lake halikuhusu upepo wala injini mpya. Lilikuwa hili: Mkenya anaweza kuunda gari mwenyewe?

Yaliundwa matano, yakaonyeshwa kwa umma 1990, na kwenye majaribio kasi ilifika kilomita 120 kwa saa. Kwa hiyo swali la kama linatembea lilijibiwa. Ikaanzishwa Nyayo Motor Corporation ili magari yatoke kwa wingi, na hapo ndipo mambo yalipokwama: fedha za kuanzisha uzalishaji hazikupatikana. Kutokana na mradi ule ikabaki Numerical Machining Complex, kampuni ya serikali ya kuchonga vyuma na vipuri.

Niruhusuni niseme kwa nini fedha ni jambo kubwa hivyo, maana watu husikia "fedha zilikosekana" na kudhani ni uzembe tu. Mlango mmoja wa gari nitaupiga kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, siku tatu ukawa umekaa. Mlango wa pili nitaupiga, nao utakaa, lakini kwenye lile gari lake tu. Ukiutoa ukautia kwenye gari la kwanza, utagonga hapa na kuacha mwanya kule. Kutoa milango elfu moja inayobadilishana si kazi ya nyundo. Kunatakiwa plesi kubwa, mashine ya kukandamiza bati, na kalibu za chuma za kulipa umbo, na kalibu ya mlango peke yake ni mradi. Bado boneti, bado kalibu ya kusubu bloku ya injini, bado watu wa kutoa vioo na nyaya na raba. Hata hapa Mombasa, kule Miritini, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers huunganisha magari ambayo vipande vyake vimeshatengenezwa kwingine. Kuunganisha ni kazi ya ustadi na imelisha familia nyingi. Kuunda kutoka kwenye chuma kibichi ni safari nyingine kabisa.

Basi nikampa binti zoezi. Nikamwambia: usiunde Nyayo Pioneer moja, unda mawili. Umbo lake ni la saluni ya kawaida, sanduku lenye boneti na buti, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliofunuliwa unatosha. Chora kwenye karatasi ya manila, kata kwa mkasi, kunja kwenye ukingo wa meza, lehemu kona. Kisha unda la pili kwa mchoro ule ule na ujaribu kubadilishana milango. Alipomaliza tulipima kwa rula: mwanya wa mlango mmoja ulikuwa milimita mbili, wa pili ulikuwa tano. Alikasirika. Nikamwambia hizo milimita tatu ndizo azipeleke shuleni.

Linafaa kikundi cha watoto watatu au wanne, kila mmoja na kazi yake. Linafaa pia yule mwenye babu au bibi anayekumbuka miaka ile, kwa sababu mazungumzo hayo ya nyumbani ni sehemu ya utafiti, na hakuna kati ya magari mengine manne utakayoweza kuyapatia shahidi hapa mjini. Udhaifu wake ni kwamba machoni ni gari la kawaida. Mtu atapita mezani pako asisimame, mpaka umwite aje ajaribu kuingiza mlango.

BMW GINA, 2008

Chris Bangle alikuwa mkuu wa ubunifu BMW, na yeye na wenzake waliuliza swali ambalo fundi wa bati hulisikia kama matusi: kwa nini bodi ya gari iwe ya bati? Walisuka fremu ya chuma yenye sehemu zinazosogea, wakaivika kitambaa cha kuvutika kilichopakwa poliurethani, aina ya plastiki, ili kistahimili maji. Gari zima likavikwa vipande vinne tu. Kwa kuwa fremu ilisogea chini ya ngozi, taa za mbele zilifunguka kama kope za jicho, na boneti ilipasuka katikati ikafunuka kama vazi linalofunguliwa zipu.

Lilitembea, na leo liko kwenye jumba la makumbusho la BMW mjini Munich. Kusema lilikwama ni kulionea, maana BMW hawakulikusudia kuuzwa. Waliliunda ili wabunifu wao wenyewe waache mazoea. Hilo ni jibu halali kabisa, na watoto wajue kwamba si kila kisichouzwa kimeshindwa.

Kwa mikono yetu, ni kama limetungwa kwa ajili ya watoto wanaosuka magari ya waya. Fremu ni waya wa kufungia nondo. Kitambaa ni taiti kuukuu. Pale Kongowea kwenye mitumba hukosi ya bei nafuu. Tatizo liko kwenye kukata, na hapa mimi nilikuwa mwanafunzi. Nilivuta kitambaa juu ya fremu kama ninavyolaza bati, kikaota mikunjo kwenye kila kona. Jirani yangu, shangazi ambaye ni fundi cherehani, aliangalia juu ya ukuta akacheka, akaingia. Alikishika kitambaa akakivuta kwa urefu, kisha kwa upana, akatuonyesha kwamba kinavutika zaidi upande mmoja. Ule upande wa kuvutika uzunguke bodi, akasema, na ule mgumu uende kutoka mbele hadi nyuma. Tukageuza. Mikunjo ikabaki miwili, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, nayo akaimaliza kwa mishono mitatu ya mkono.

Taa zinazofumbua kope zinahitaji waya mmoja mrefu unaopita chini ya fremu hadi nyuma. Ukiuvuta, kope inafunguka. Ukiuachia, kitambaa chenyewe kinaifunga. Watoto wadogo waliganda hapo nusu saa.

Linamfaa mwenye mkono mwepesi wa kushona, na linamfaa anayetaka watu wasimame kwenye meza yake bila kuitwa. Kwa hesabu na vipimo liko nyuma ya Dymaxion: utaonyesha, lakini cha kupima ni kidogo.

Chrysler Turbine, 1963

Swali la Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, lilikuwa kama injini ya aina ya ndege inaweza kumfaa mtu wa kawaida aendaye kazini na sokoni. Walijibu kwa ujasiri ambao mpaka leo naustaajabia. Waliunda magari 55, bodi zikitengenezwa na kampuni ya Ghia mjini Turin, Italia, kisha kati ya 1963 na 1966 wakawakopesha watu 203 wayatumie, kila mmoja kwa miezi mitatu, warudishe na maoni yao. Lilikunywa dizeli, lilikunywa mafuta ya taa, lilikunywa mafuta ya mimea. Rais wa Mexico, Adolfo López Mateos, alitaka lijaribiwe kwa pombe yao ya tequila, nalo likaenda. Petroli iliyotiwa madini ya risasi, ile iliyouzwa kila kituo wakati huo, ndiyo iliyolidhuru.

Lilikwama kwa sababu ambazo dereva yeyote wa matatu atazielewa. Ukikanyaga mafuta, tabini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na hewa ya moto, huchukua muda kuchangamka kabla gari halijaitika. Na injini hiyo hupenda mwendo mmoja usiobadilika, si simama-nenda ya kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari. Ikisimama tu ikinguruma, inakunywa. Juu ya hayo ilikuwa ghali kutengeneza na moshi wake ulikuwa na shida zake. Magari yalirudishwa na mengi yakapondwa. Yamebaki tisa.

Mikononi ni gumu, kwa sababu uvumbuzi wote uko ndani na nje ni gari zuri tu la rangi ya shaba. Njia tuliyoiona ni kuacha bodi na kuonyesha pumzi ya moto inavyozungusha chuma. Kata kitako cha mkebe wa soda, kipasue mapanga kumi na mawili, uyapinde kidogo yote upande mmoja, ukiegemeze kwenye ncha ya sindano juu ya mishumaa miwili. Hewa ya moto ikipanda, pangaboi linazunguka. Mweleze mwamuzi kwamba injini yenyewe hubana hewa kwanza kabla ya kuichoma, na kwamba mshumaa wako unaonyesha nusu ya habari. Ni moto na ni bati lenye makali, kwa hiyo bila mtu mzima kando hili lisiguswe. Linamfaa kijana mkubwa kidogo, hasa wa chuo cha ufundi, anayetaka kueleza kuliko kupamba.

Lancia Stratos Zero, 1970

Hili litachukua maneno machache. Kampuni ya Bertone ya Turin, kwa kalamu ya Marcello Gandini, iliuliza gari linaweza kuwa chini kiasi gani na bado litembee. Jibu lilikuwa sentimita 84, yaani juu kidogo tu ya meza ya kulia chakula. Unaingia kwa kuinua kioo cha mbele na kupanda kama unayeingia mtumbwini. Lilitembea: Nuccio Bertone mwenyewe aliliendesha hadi kwa Lancia na kupita chini ya kizuizi cha lango bila kizuizi kuinuliwa.

Halikuwa gari la kuishi nalo, na mtu akilileta kwenye matuta yetu hatafika mbali. Lakini lilifungua mlango. Lancia walikaa na Bertone wakapata Stratos ya kweli, iliyoipa Lancia ubingwa wa dunia wa rali 1974, 1975 na 1976. Wazee wanaopenda Safari Rally watakumbuka 1975, Stratos zilipomaliza za pili na za tatu hapa kwetu, nyuma ya Peugeot 504.

Kwa mikono ndilo jepesi kuliko yote matano. Ni kabari. Kipande kimoja cha bati au kadi bodi, mikunjo sita au saba iliyonyooka, umemaliza kabla ya alasiri. Cha kulipa uhai ni kuunda kando yake saluni na tuktuk kwa kipimo hicho hicho, ili mtu aone kimo kwa macho yake. Linamfaa mtoto mdogo, au yule anayependa jometria, au yule aliyekumbuka maonyesho siku mbili kabla.

Kwa hali yako

Ukiwa na siku mbili tatu, chukua Zero, utie nguvu kwenye vipimo. Ukiwa na wiki tatu na hamu ya kujaribu na kuandika, Dymaxion litakulipa kila siku uliyolipa, na kama mnaishi karibu na wenye mashua, mtoto akaulize nahodha kabla ya kushika koleo.

Ukiwa mwalimu mwenye darasa zima, gawanya: kikundi kimoja kiunde Nyayo Pioneer mawili, kingine kiunde GINA, na muyaweke meza moja. Moja linaonyesha ugumu wa kurudia umbo lile lile la bati. Jingine linauliza kama bati lilikuwa la lazima. Watoto watabishana wenyewe.

Nyumba yenye cherehani ielekee GINA. Nyumba yenye mzee mwenye kumbukumbu ielekee Nyayo. Mzazi ambaye hawezi kukaa na mtoto jioni asimruhusu Turbine, hata mtoto akililia vipi. Na kijana wa chuo aliyeniuliza, mwenye karakana na msimamizi, nilimwambia anaweza kuchukua Turbine au Dymaxion. Tofauti ni kama anapenda zaidi moto au mwendo.

Kwa fedha, Zero na Dymaxion la plaiwudi hazifiki Sh200 ukiwa na ndara kuukuu. GINA huongezeka kwa kitambaa. Nyayo Pioneer hula risasi ya kulehemu kuliko unavyodhani, kwa hiyo nunua ya kutosha mara moja.

Binti alichukua GINA, baada ya siku nne na Dymaxion na wiki moja na milango ya Nyayo. Vile vipande vya plaiwudi bado viko kwangu, na ubao wa mteremko. Anayetaka kuviachia mwenyewe aje baada ya sala ya alasiri. Koleo zipo, ila mkasi wa bati ni mmoja, kwa hiyo mwenye wake aje nao.